Mbunge wetu akiwa waziri, jimbo linabaki na nani?

Katika uchaguzi wa Uganda wa Desemba 1980, chama cha UPM kilichoongozwa na Yoweri Museveni, rais wa leo, kiliambulia kiti kimoja tu bungeni kati ya viti 126. Museveni mwenyewe aliangushwa Mbarara na Sam Kutesa wa chama cha DP. Kiti hicho kimoja kilitoka huku kwetu Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, na aliyekitwaa alikuwa daktari kijana, Crispus Kiyonga. Wazee wa Bwera hawachoki kukumbushana jambo hilo, hasa akiwepo mgeni kutoka Mbarara.

Sasa njoo mpaka tarehe 18 Februari 2016. Daktari yule yule, sasa mzee na waziri wa ulinzi kwa miaka kumi, aliomba tena kura za jimbo letu la Bukonzo Magharibi. Akanyimwa. Kiti kikaenda kwa Atkins Katusabe wa FDC, chama cha upinzani. Serikali ilikuwa imezima mitandao ya kijamii siku hiyo, kwa hiyo habari zilipita kwa simu za kawaida na midomo ya vijana wa boda boda. Pale niliposimama mimi, msimamizi wa kituo alikuwa akiinua karatasi moja moja juu ili kila mtu aione, anataja jina, na maajenti wanachora vijistari kwenye madaftari yao. Mistari ya upande mmoja ilipoanza kuwa mirefu, ajenti wa waziri akaomba karatasi fulani ionyeshwe tena. Ikaonyeshwa tena. Ilikuwa ile ile. Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kazi ikaendelea.

Tangu hapo nimesikia maelezo ya aina mbili. Kampala wanasema sisi hatuna shukrani: mtu amewaweka kwenye ramani ya nchi, nanyi mnamlipa hivyo. Huku kwetu wengi wanasema mzee alitusahau. Maelezo yote mawili yanamweka mtu mmoja kizimbani, awe mpiga kura au mbunge, na ndiyo maana siyakubali. Kwa maoni yangu jimbo la kijijini lina shida moja ambayo haitibiwi kwa kubadilisha sura: tunachagua mtu wa kuiuliza serikali maswali, kisha serikali inamchukua akawe serikali, na kiti chetu kinabaki na jina lake tu.

Kiyonga ni mfano mzuri kwa sababu hakuwa mtu wa hivi hivi. NRM ya Museveni ilipoingia madarakani mwaka 1986, haikupita muda akawa waziri wa fedha, akakaa hapo mpaka 1992. Ni yeye aliyekuwa kwenye wizara hiyo Mei 1987, pesa zilipobadilishwa, sifuri mbili zikakatwa na serikali ikachukua asilimia 30 ya kila ulichopeleka kubadilisha. Ukitaka kumwona mfanyabiashara mzee wa Mpondwe, mpakani na Congo, akinuna, mtajie mwaka huo. Waliokuwa wameficha akiba yao kwa noti za zaire, pesa ya Congo ya Mobutu, walidhani wameokoka, maskini, bila kujua zaire nayo inaelekea wapi.

Baadaye akawa waziri wa afya. Ebola ilipoipiga Gulu mwaka 2000 alikuwa kwenye kiti hicho, na malipo katika hospitali za serikali yalipofutwa Machi 2001, ilikuwa zamu yake pia. Mwaka huo huo aliongoza kundi la nchi na mashirika lililoandaa kuanzishwa kwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Fikiria hilo: dawa zinazomfikia mgonjwa kijijini Malawi au Kambodia zilipita mezani kwa mbunge wa Bukonzo. Akawa kamisaa wa siasa wa chama, kisha mwaka 2006 waziri wa ulinzi. Serikali ya Congo na waasi wa M23 walipoletwa Kampala kuzungumza, yeye ndiye aliyekaa katikati yao. Warundi walipogombana mwaka 2015, akatumwa huko pia.

Ni kazi ya kuheshimika, sina ugomvi nayo. Lakini soma tena orodha hiyo ukiwa mkulima wa kahawa wa mlimani, au mama anayevusha vitenge na mafuta ya mawese kwenye mto Lhubiriha. Utamkuta mbunge wako Entebbe, Geneva, Bujumbura. Na si kwa uvivu. Mtu wa uwezo kama huo akipewa wizara, wizara itammeza. Wahenga walishasema mshika mbili moja humponyoka, na inayoponyoka siku zote ni ile iliyo mbali na simu ya rais.

Na kuna jambo zito kuliko umbali. Waziri amefungwa mdomo. Baraza la mawaziri likiamua, kila waziri analinda uamuzi huo hata kama kwake nyumbani unachoma. Jimbo linalopakana na mbuga ya Queen Elizabeth lina malalamiko ambayo hayaishi: ndovu wanashuka usiku wanamaliza shamba la pamba au mahindi, mwenye shamba anabaki kupiga debe gizani, na akimfuata mnyama ndani ya mbuga anakamatwa yeye. Nani ainuke bungeni kuibana serikali? Mbunge wake ndiye serikali.

Mfano ulio mbaya zaidi ni wa tarehe 5 Julai 2014. Siku hiyo vikundi vya watu wenye mapanga, mikuki na bunduki chache vilivamia vituo vya polisi na kambi za jeshi katika wilaya za Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Watu wengi walikufa siku ile na siku zilizofuata, wengine kwa kisasi cha jirani kwa jirani, wakazikwa kimya kimya. Kulikuwa na maswali ya kila namna. Wale vijana walifunzwa na nani? Habari za kijasusi zilikuwa wapi? Waliokamatwa wanashikiliwa wapi, na kwa sheria gani? Mahali pa kuyauliza ni bungeni, na wa kuulizwa ni waziri wa ulinzi. Sasa wewe mkazi wa Bwera, swali lako ulipeleke kwa nani, ikiwa mbunge wako na waziri wa ulinzi wanavaa koti moja? Simsemi Kiyonga kwamba alificha kitu. Ninachosema ni kwamba hata angekuwa malaika, asingeweza kujiuliza swali, kisha akasimama upande wa pili na kujijibu.

Mimi naamini kura ya 2016 ilianza kuhesabiwa mwezi ule. Ziko sababu nyingine, najua. Kulikuwa na mvutano mrefu kati ya watu wa ufalme wetu wa jadi wa Rwenzururu na wakubwa wa chama tawala, ingawa serikali ilikuwa imeutambua ufalme na mfalme Charles Wesley Mumbere akatawazwa mwaka 2009. Kulikuwa na upepo wa Besigye, mgombea urais wa FDC, ambao Kasese ulivuma kuliko sehemu nyingi. FDC ilizoa viti vyote sita vya ubunge vya wilaya. Lakini wapo watu waliompa Museveni kura ya urais siku ile na kumnyima waziri wake kura ya ubunge, nawafahamu. Hao huwezi kusema walibebwa na upepo.

Nirudi kwenye maisha ya kila siku, maana siasa ya kijijini ndiko inakofanyika. Nenda msiba wowote huku. Turubai, viti vya plastiki, wanaume wamekaa upande, akina mama jikoni wanasonga bundu, ugali wa muhogo, kwenye sufuria zinazoweza kumbeba mtoto. Kabla ya mahubiri, msema chochote anashika kipaza sauti na kusoma rambirambi. Kaunsela wa gombolola (kata), elfu ishirini. Mwenyekiti wa LC III, baraza la gombolola, elfu hamsini. Mheshimiwa mbunge hakuweza kufika, yuko kwenye kazi za taifa, ametuma laki tatu na mwakilishi wake yupo hapa nasi. Mwakilishi anasimama, anavua kofia, watu wanapiga makofi, na wakati huo huo mzee aliye karibu nawe anakuinamia na kunong'ona: “Zilikuwa tano.”

Hapo kuna somo zima la uraia. Mbunge asiyekuwepo anageuka bahasha, na bahasha ina watu wa kuipunguza njiani. Kadiri anavyopaa huko juu ndivyo wasaidizi wanavyokuwa wengi: huyu wa misiba, yule wa makanisa, yule wa vijana wa boda. Mwishoni jimbo linaongozwa na watu ambao hakuna aliyewapigia kura. Na waziri anapokuja mwenyewe anakuja na magari, walinzi na vumbi. Unaweza kumwona lakini kumwambia kitu ni vigumu. Mtu mwenye shida ya mpaka wa shamba hatamvuka mlinzi mwenye bunduki ili aeleze.

Wengine watasema wilaya ina viongozi wake, mbona tumtegemee mbunge? Kwenye karatasi ni kweli. Katiba ya 1995 na sheria ya serikali za mitaa ya 1997 zilimpa mwenyekiti wa wilaya (LC V) na baraza lake madaraka makubwa juu ya shule, zahanati, barabara za ndani, maji. Wakati ule baraza la wilaya lilikuwa na kodi ya kichwa. Ilichukiwa, na ilistahili kuchukiwa. Nimeona wanaume wazima wakikimbilia migombani askari wa gombolola walipotokea. Lakini ilipofutwa mwaka 2005, hakuna kilichokuja kukaa mahali pake. Leo karibu kila shilingi ya wilaya inashuka kutoka Kampala ikiwa imeshaandikwa kazi yake, hii mishahara ya walimu, hii dawa, hii barabara fulani, na kaunsela anakaa kwenye kikao akipitisha bajeti asiyoweza kuisogeza. Kwa hiyo mtu mwenye ndoto ya siasa haoni faida ya kubaki wilayani. Anapita hapo kama kituo cha basi tu, akielekea bungeni, ambako mwaka 2021 kila mbunge kati ya 529 alipewa shilingi milioni 200 za gari.

Ndiyo maana pia wilaya zinazaliana. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33, sasa ni 135 bila kuhesabu Kampala. Kila wilaya mpya ni mwenyekiti mpya, kiti kipya cha mbunge mwanamke, ofisi mpya. Kasese hatujagawanywa, ingawa hoja ya kutukata vipande imefufuliwa mara nyingi na kugombaniwa vilivyo. Wanaoitaka wanasema huduma zitasogea. Mimi huwa naangalia kwanza nani anaitaka, na nikiwaona ni wale walioshindwa kura ya mwisho, najua huduma inayosogezwa ni ipi.

Kuna safari nyingine ya kisiasa iliyotoka wilaya hii hii, na kuiweka kando ya ile ya kwanza kunafunza. Winnie Kiiza aliingia bungeni mwaka 2006 kama mbunge mwanamke wa Kasese kwa tiketi ya FDC. Katika bunge la tisa akawa mnadhimu mkuu wa upinzani, na mwaka 2016 akawa kiongozi wa upinzani bungeni, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo Uganda. Hakuwahi kuwa waziri. Hakuwa na lami ya kuahidi mtu. Alichokuwa nacho ni mdomo usiofungwa, na Novemba 2016 ulihitajika.

Mnaokumbuka mnakumbuka. Tarehe 26 na 27 mwezi huo polisi na jeshi walipambana na walinzi wa ufalme, ikulu ya mfalme mjini Kasese ikavamiwa na kuchomwa, watu zaidi ya 100 wakauawa kwa siku mbili, na Mumbere akakamatwa na kusafirishwa mbali na nyumbani. Safari hii swali lilikuwa na mtu wa kuliuliza. Kiiza na wenzake wa Kasese walilipeleka bungeni, wakaambiwa kesi iko mahakamani na haijadiliwi. Wakalipeleka tena. Hawakupata uchunguzi waliouomba, na kesi yenyewe ilikuja kufutwa Juni 2023 bila mtu kuelezwa mengi. Hesabu ya matokeo ni ndogo, nakubali. Lakini wajane wa hapa walisikia vifo vya waume zao vikitajwa katika jumba lile na mtu waliyemchagua. Mbunge aliye waziri asingeweza kutufanyia hilo. Na uchaguzi wa 2021 ulipokaribia, Kiiza hakuomba tena kiti kile. Alikaa vipindi vitatu akawaachia wengine, jambo ambalo wanasiasa wetu wengi hulisikia kama tusi.

Najua jibu nitakalopewa sokoni, maana nimeshapewa: maswali hayaliwi. Waziri analeta lami, hospitali, umeme. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sisi ngoma yetu nani ataivuta? Kwa miaka mingi nami niliona hoja hiyo ina uzito. Ila tazama yaliyotokea tulipokuwa hatuna waziri wa ulinzi wala wa afya kutoka Bukonzo. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Congo na familia iliyokuwa imetoka msibani. Ilikuta wahudumu wamefunzwa, vituo vya kupima joto mpakani, na kitengo cha kuwatenga wagonjwa kikiwa tayari Hospitali ya Bwera. Ugonjwa haukusambaa upande wetu. Maandalizi yale yalikuja kwa sababu ramani ilionyesha hatari iko wapi. Wizara ilijua Mpondwe ni nini bila kuwa na mtoto wa Mpondwe juu ya meza.

Au barabara. Mwishoni mwa 2021 serikali ya Uganda ilianza kujenga barabara ndani ya Congo, kuanzia Kasindi ng'ambo ya mto kwenda Beni, kilomita 80, na kuendelea hadi Butembo. Hakuna mbunge wa Bukonzo aliyekesha mlangoni kwa bosi wa wizara akiiombea ile. Ilijengwa kwa sababu biashara na vita dhidi ya waasi wa ADF viliielekeza huko. Malori yanapita hapa kwetu usiku na mchana sasa. Lakini Juni 2023 ADF walivuka wakaingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, umbali mfupi tu kutoka mpakani, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi kwenye mabweni yao. Waliokuwa wanauliza siku ile jeshi lilikuwa wapi hawakuhitaji lami zaidi. Walihitaji mtu aliye huru kuuliza.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji mapinduzi. Kifungu cha 113 cha katiba yetu kinamruhusu rais kuteua waziri kutoka miongoni mwa wabunge au mtu yeyote mwenye sifa za kuchaguliwa kuwa mbunge. Kwa maana nyingine, waziri halazimiki kuwa mbunge wa jimbo, na tayari tunao mawaziri wasio na majimbo wanaokaa bungeni bila kura. Tusogee hatua moja tu: mbunge wa jimbo akikubali uwaziri, kiti chake kiwe wazi siku anayoapishwa, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 60 kama inavyokuwa mbunge akifariki.

Najua kwa nini halipendwi. Mawaziri ni zaidi ya 80, na wengi wao ni wabunge. Ukiwaondoa kwenye viti vyao, serikali inapoteza kura ambazo haizitii shaka, na itabidi ifanye uchaguzi mdogo nchi nzima kila inapopanga baraza upya. Gharama ni kubwa. Lakini nikikumbuka tulivyonunua magari 529, hoja ya gharama hainitishi sana. Kuna pia wabunge wenyewe, ambao nusu yao wanaingia bungeni wakiwa na jicho kwenye wizara. Mbunge wa namna hiyo hawezi kuibana serikali anayotaka kuajiriwa nayo, hata kabla hajaajiriwa.

Kiyonga mwenyewe, baada ya kuanguka, alipelekwa Beijing kuwa balozi, na tangu 2024 ni mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Kazi zote mbili amezipata bila kura ya mtu wa Bukonzo, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hazichukui nafasi ya mtu wetu. Kama sheria hiyo ingekuwepo mwaka 2006, angeweza kukaa ulinzi miaka yake kumi vile vile, akapatanisha M23 na Warundi vile vile, na Julai 2014 kungekuwa na mbunge mwingine wa Bukonzo Magharibi wa kumwandikia maswali. Na Februari 2016 hakuna ambaye angehitaji kumwangusha.